Kusikia, Kusikiliza, Kusikilizana: Kazi ya Sikio katika Muziki wa Kielektroni

1. Utangulizi

Muziki wa kielektroni hushtakiwa mara kwa mara kwa makosa mawili. La kwanza ni kwamba si muziki bali ni makelele. La pili ni kwamba mtengenezaji wake hana kazi, maana mashine ndiyo ifanyayo kila kitu. Mashtaka hayo hutolewa na wazee waliolelewa na magitaa ya rumba, na hutolewa vilevile na wasomi wanaoamini kwamba ala ya kweli ni ile inayopigwa kwa mkono au kupulizwa kwa kinywa.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza mashtaka hayo kwa kueleza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Hoja yake ni moja: katika muziki wa kielektroni, kutunga ni namna ya kusikiliza. Mashine hutoa sauti nyingi kuliko zinavyohitajika, na sikio la mtungaji ndilo linaloamua ipi ibaki na ipi itupwe. Na kwa kuwa hakuna sikio lisilolelewa na jamii fulani, uamuzi huo hubeba alama ya malezi hayo hata pale ambapo kila kitu kinapita katika nyaya za umeme. Ili kuthibitisha hoja hiyo, mifano mitatu itaangaliwa kwa kufuatana: Kairo mwaka 1944, Paris mwaka 1948, na Kinshasa tangu miaka ya 1960. Mwishoni utatajwa mfano wa Dar es Salaam, mji ambao umezaa muziki wa kielektroni unaoimbwa kwa Kiswahili. Lakini kwanza yafaa kuitazama lugha yenyewe.

2. Matendo ya sikio katika Kiswahili

Kitenzi kusikia kina eneo pana la maana. Mtu husikia sauti, lakini pia husikia njaa, baridi, maumivu na harufu. Katika Kiswahili cha Katanga na cha mashariki ya Kongo, kumwuliza mtu kama anasikia lugha fulani ni kumwuliza kama anaifahamu. Methali isemayo kwamba sikio la kufa halisikii dawa inaongeza jambo lingine: kusikia ni kupokea kitu na kubadilishwa nacho. Anayesikia ni mtu aliyefikiwa.

Kutokana na shina hilo hupatikana kitenzi kusikiliza. Viambishi vya unyambuaji vimeongeza nia na muda: anayesikiliza amegeuza uso wake kwa makusudi, na amekubali kungoja. Kikiongezwa kiambishi cha kutendana hupatikana kusikilizana, yaani kupatana, kuelewana, kuishi bila ugomvi. Lugha imeweka katika ngazi tatu jambo ambalo wanafalsafa wa muziki walilihangaikia kwa kurasa nyingi: kufikiwa na sauti, kuitafuta sauti, na kujengwa kwa uhusiano kati ya watu kwa njia ya sauti.

Upande wa majina ya sauti, hata hivyo, Kiswahili hupenda kuanza na chanzo. Jogoo huwika, mbwa hubweka, simba hunguruma, upepo huvuma. Msikilizaji akiambiwa kwamba kitu kimebweka, tayari ameshamwona mbwa. Yapo pia maneno yasiyotaja mwenye sauti: kishindo, mvumo, mwangwi, mlio. Maneno hayo hueleza umbo la sauti, kama ni ya ghafla au ya kuendelea, kama imerudi kutoka mbali au imezaliwa hapa. Tofauti hiyo baina ya kutaja chanzo na kutaja umbo ndiyo mlango wa kuingilia katika muziki wa kielektroni.

3. Sauti inapogeuka umeme

Sauti ni mtetemo wa hewa. Maikrofoni huupokea mtetemo huo na kuugeuza kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa mwendo uleule. Spika hufanya kinyume chake, huugeuza umeme kuwa mtetemo wa hewa tena. Kati ya vyombo hivyo viwili sauti si hewa bali ni umeme, na umeme hukubali mambo ambayo hewa haiyakubali. Waweza kukuzwa, kuchujwa, kucheleweshwa, kukatwa, kurudiwa.

Ili kuelewa kuchujwa, sharti ikumbukwe kwamba sauti ya mwimbaji si kitu kimoja. Anayeimba noti yenye mitetemo 200 kwa sekunde hutoa pamoja nayo sauti nyembamba zaidi za mitetemo 400, 600, 800 na kuendelea. Hizo, ziitwe hapa visindikizi, hazisikiki moja moja. Huungana kuipa sauti rangi yake, na ndizo zinazomwezesha msikilizaji kutofautisha filimbi na zeze hata zinapopiga noti ileile. Chujio la umeme laweza kupunguza sauti ya msingi na kuviacha visindikizi, au kufanya kinyume chake.

Upo pia uwezekano wa kupotosha. Kikuza sauti kinapolemewa na umeme kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi. Matokeo yake ni kwamba huongeza visindikizi ambavyo havikuwamo: sauti tupu ya mitetemo 200 hutoka ikiwa imefuatwa na 600, 1000 na zaidi. Sikio husikia ukali na mkwaruzo. Mhandisi huuita upotoshaji huo kasoro. Itaonekana hapa chini kwamba si kila sikio linakubaliana naye.

Jambo la mwisho ni kunasa. Mwaka 1898 Mdenmark Valdemar Poulsen alibuni njia ya kunasa sauti kwa sumaku juu ya waya wa chuma. Baada ya waya ukaja utepe, na baada ya utepe kompyuta. Tangu hapo sauti iliyokuwa ikipita na kupotea ikawa kitu kinachoweza kusikilizwa mara ya pili, ya kumi, ya mia. Mtafiti wa fasihi simulizi anaijua nguvu ya badiliko hilo. Anapoandika ngano iliyonaswa, hurudi kwenye sentensi ileile mara nyingi, na kila mara husikia jambo ambalo hakulisikia alipokuwa ameketi mbele ya msimulizi: pumzi, kusita, kicheko cha wasikilizaji. Mtungaji wa muziki wa kielektroni huanzia mahali hapo hapo.

4. Kairo, 1944

Mmoja wa watungaji wa kwanza kabisa wa muziki wa aina hii alikuwa Mwafrika. Halim El-Dabh alizaliwa Kairo mwaka 1921 na akasomea kilimo. Mwaka 1944 alikopa katika kituo cha redio mashine ya kunasia sauti kwa waya, akanasa nyimbo za wanawake katika sherehe ya zari. Zari ni ibada ya uponyaji inayojulikana Misri, Sudan na Ethiopia, ambamo ngoma na nyimbo hutumika kuwatuliza pepo wanaomsumbua mgonjwa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atatambua undugu wake na ngoma za kupunga pepo.

El-Dabh hakuridhika na kuonyesha alichonasa. Alirudi katika kituo cha redio, akaucheza waya na kuunasa upya, akipunguza sauti za msingi za waimbaji na kuacha visindikizi, akitumia chumba cha mwangwi na kuta zilizoweza kusogezwa. Maneno yalififia, ngoma ikayeyuka, ukabaki mvumo unaopanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Kazi hiyo iliwasikilizwa watu katika jumba la maonyesho ya sanaa mjini Kairo mwaka huohuo. Sehemu yake imehifadhiwa na kutolewa katika diski.

Yafaa kuuliza: El-Dabh alitunga nini? Hakuandika noti, hakupiga ala. Alichofanya ni kusikiliza sauti ya sherehe hadi akasikia ndani yake sauti nyingine, kisha akaondoa vyote vilivyoizuia isisikike. Mchongaji wa kinyago hufanya vivyo hivyo na gogo. Hakuna anayesema kwamba mti ndio uliochonga.

5. Paris, 1948

Miaka minne baadaye, mhandisi wa redio ya Ufaransa, Pierre Schaeffer, alifika karibu na mahali hapo kwa njia nyingine. Alikwenda na vyombo vyake katika stesheni ya Batignolles mjini Paris, akanasa vichwa vya gari moshi, filimbi zake na mapigo ya magurudumu juu ya reli. Kwa sauti hizo alitengeneza kazi fupi iitwayo Étude aux chemins de fer, ambayo pamoja na nyingine nne ilitangazwa redioni tarehe 5 Oktoba 1948. Aina hiyo ya muziki aliipa jina la musique concrète, kwa kuwa huanza na sauti halisi iliyonaswa badala ya kuanza na noti za karatasini.

Schaeffer alikuwa bado anatumia santuri. Uvumbuzi wake wawili ulitokana na vitendo vidogo vya mkono. Wa kwanza ni mfereji uliofungwa: sindano ya santuri inapozunguka katika mfereji mmoja bila kuendelea, kipande kilekile cha sauti hurudi tena na tena. Mara ya kwanza msikilizaji husikia gari moshi; mara ya ishirini gari moshi limetoweka, na kimebaki kipande cha mdundo chenye uzito na rangi. Wa pili ni kengele iliyokatwa. Schaeffer alinasa mlio wa kengele bila lile pigo la mwanzo, na kengele haikutambulika tena. Ilisikika kama ala ya kupuliza. Kumbe sikio hutambua ala nyingi kwa kuangalia jinsi sauti inavyoanza. Akikosa mwanzo, msikilizaji hupoteza jina la kitu.

Kutokana na majaribio hayo Schaeffer alijenga nadharia aliyoichapisha mwaka 1966 katika kitabu Traité des objets musicaux. Humo anatofautisha kufikiwa na sauti, kutafuta chanzo chake, kuchagua sifa zake, na kufahamu maana yake. Anapendekeza zoezi gumu: kusikiliza bila kujali chanzo wala maana, yaani kuishughulikia sauti yenyewe kama kitu. Mfano wake ni pazia la Pythagoras, ambaye husimuliwa kwamba aliwafundisha wanafunzi akiwa nyuma ya pazia ili wasikilize neno bila kuvutwa na uso. Spika ndiyo pazia la zama hizi.

Katika Ujerumani kazi ilianzia upande wa pili. Studio iliyoundwa katika redio ya Köln mwaka 1951 ilitengeneza sauti kwa mitambo ya umeme bila maikrofoni yoyote. Mwaka 1956 Karlheinz Stockhausen aliziunganisha njia hizo mbili katika Gesang der Jünglinge, ambamo sauti ya mtoto wa kiume inachanganyika na sauti za mitambo kiasi cha kumfanya msikilizaji asijue mpaka uko wapi.

Hapa ndipo swali zito linapojitokeza. Pazia humsaidia msikilizaji kusikia umbo, lakini pia humficha mwenye sauti. Gari moshi halidhuriki likisahauliwa. Je, wanawake wa zari? Waliimba kwa ajili ya mgonjwa aliyekuwa mbele yao. Sauti zao zimebaki, na kila mtu anayesimulia historia hii humtaja El-Dabh, lakini waimbaji hubaki wakiitwa wanawake tu. Kusikiliza bila chanzo ni zoezi zuri la sikio, wala si kosa la El-Dabh kwamba alisikia alichosikia. Lakini zoezi likifanywa kuwa sheria, laweza kugeuka njia ya kuchukua sauti na kumwacha mtu.

6. Kinshasa: mvumo wa likembe

Kundi la Konono No 1 liliundwa Kinshasa katika miaka ya 1960 na Mingiedi Mawangu, mpigaji wa likembe wa kabila la Bazombo, watu wa eneo la mpaka wa Kongo na Angola. Likembe ni ala ya vijiti vya chuma vilivyofungwa juu ya kisanduku cha mbao na kupigwa kwa vidole gumba. Sauti yake ni ndogo. Inatosha uani penye utulivu, lakini katika jiji lenye magari, baa na umati wa watu humezwa mara moja.

Jawabu la Mawangu na wenzake lilikuwa la umeme. Walitengeneza maikrofoni wenyewe, wakitumia sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari, wakaziunganisha na vikuza sauti na spika kubwa za honi za zamani. Likembe tatu, moja ya sauti nene, moja ya kati na moja nyembamba, zilipigwa pamoja na waimbaji na midundo iliyotolewa katika vyombo ambavyo baadhi vilikuwa ni mabaki ya vyuma. Vyombo hivyo vililemewa, na vikapotosha sauti kama ilivyoelezwa katika sehemu ya tatu: likembe ikatoka na mkwaruzo mzito unaokaribia ule wa gitaa la roki.

Mtu atasema kwamba huo ulikuwa umaskini wa vifaa, na kwamba kundi lingepata vifaa bora lingeuondoa mkwaruzo. Ala yenyewe inajibu. Tangu zamani watengenezaji wa likembe katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati huzungushia vijiti vyake pete ndogo za chuma ili kila noti ifuatwe na mvumo. Likembe isiyovuma huonekana kuwa uchi. Kwa hiyo sikio la Mazombo lilikuwa tayari limefundishwa kwamba sauti nzuri ni ile inayosindikizwa. Kikuza sauti kilipoongeza visindikizi vyake, sikio hilo halikusikia kasoro. Lilisikia pete zikiwa zimekua kufikia kimo cha jiji. Mashine ilitoa upotoshaji bila kukusudia, na watu ndio waliouchagua.

Rekodi ya mwaka 1978 ilichapishwa baadaye Ufaransa na Ocora, lebo ambayo chimbuko lake ni huduma ya redio iliyoanzishwa na Schaeffer mwenyewe katika miaka ya 1950 kwa ajili ya makoloni ya Ufaransa. Mwaka 2004 Vincent Kenis wa Ubelgiji alizirekodi upya kazi za kundi hilo katika diski iitwayo Congotronics, na wapenzi wa muziki wa kielektroni wa Ulaya na Marekani wakashangaa kusikia kutoka Kinshasa sauti walizodhani zimezaliwa katika studio zao. Mawangu alifariki mwaka 2015.

Lililo muhimu ni kwamba Kinshasa pazia halikutundikwa. Wachezaji walikuwa mbele ya spika, na sauti iliwarudia wapigaji kwa njia ya miili ya wachezaji, nao wakarefusha au kubadilisha kipande kulingana na walichokiona. Umeme uliongezwa ili watu waendelee kusikiana penye kelele. Hiyo ndiyo ngazi ya tatu ya kitenzi: kusikilizana.

7. Dar es Salaam: mfereji uliofungwa kwa Kiswahili

Singeli ilizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale mwanzoni mwa karne ya 21. Mtengenezaji huchukua kipande kifupi cha taarabu au cha ngoma, hukirudisha bila kukoma na kukiharakisha hadi mapigo 200, mara nyingine karibu 300, kwa dakika. Mwaka 2017 mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliufikisha muziki huo mbali.

Kwa ufundi, kipande kinachorudi ni mfereji uliofungwa wa Schaeffer. Kwa matumizi ni kinyume chake. Schaeffer alirudisha ili chanzo kisahaulike. Katika singeli taarabu inayoharakishwa hutambulikana, na raha ya mchezaji hutokana na kuitambua katika vazi jipya. Juu yake mwimbaji hutupa maneno ya Kiswahili kwa kasi ileile, akitaja jirani, kodi ya nyumba, mapenzi na majivuno. Mwanaisimu atapata hapo swali la kufaa utafiti: silabi za Kiswahili, ambazo nyingi huishia kwa irabu, hustahimilije mwendo huo, na ni zipi zinazomezwa?

8. Hitimisho

Mashtaka mawili yaliyotajwa mwanzoni sasa yaweza kujibiwa. Kwamba ni makelele: kelele si aina ya sauti bali ni hukumu ya sikio fulani. Mkwaruzo uleule ni kasoro kwa mhandisi na ni uzuri kwa mpigaji wa likembe, na kila mmoja ana sababu zake. Kwamba mtungaji hana kazi: mashine ya El-Dabh, santuri ya Schaeffer na kikuza sauti cha Mawangu vilikuwa ni vyombo vya wakati wao, vilivyotumiwa na wengine pia. Kilichokuwa adimu ni usikivu.

Usikivu huo wafundishika. Mwanafunzi mwenye simu yaweza kunasa mlio wa jenereta au wa mashine ya kusagia mahindi, kisha kwa programu ya bure kama Audacity akakata mwanzo wake, akaurudisha mara ishirini, akaandika anachosikia bila kutaja jenereta wala mashine. Atagundua upesi kwamba maneno yanampungukia, na hapo ndipo somo la muziki linapokuwa somo la lugha. Msamiati wa umbo la sauti umo katika Kiswahili, katika lahaja zake na katika tanakali zake za sauti, lakini haujakusanywa vya kutosha kwa matumizi ya mafundi na wahakiki.

Zoezi hilo likiisha, libaki swali moja la kuulizwa kila mara sauti ya mtu inaponaswa: ni ya nani, naye anapata nini kwa kusikilizwa? Atakayejifunza kukata na kurudisha bila kuliuliza swali hilo atakuwa amefika ngazi ya pili tu.